Msumari Katika Buti la Sajini

Kuna sauti moja, mwanangu, haijanitoka masikioni tangu nilipokuwa mke kijana hapa Butali. Ni sauti ya buti la babu yako likigonga sakafu: kwa, kwa, kwa, kama punda anayepita kwenye mawe. Ilikuwa mchana, msimu wa kukata miwa. Shamba la jirani lilikuwa limechomwa moto ili likatwe, na majivu meusi yalikuwa yanaangukia nguo nilizoanika. Nyumba yetu ilikuwa mpya, ya mabati na saruji, ya kwanza upande huu wa mto, na ile sakafu nilikuwa naipiga deki mpaka unajiona meno. Kila kitu kilichoigusa nilikisikia.

Babu yako alikuwa ametoka jeshini na cheo cha sajini, na hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Hata mimi mbele za watu nilimwita Sajini. Siku hiyo alitoka kutazama wakataji shambani akawakuta wenzake wamekaa sebuleni wanangoja chai, wote watu waliostaafu jeshi kama yeye. Mwenye maneno kati yao alikuwa Koplo Andati, mtu mfupi, mcheshi, ambaye hata matangani angekuchekesha ukaona haya.

"Sajini," Koplo akasema, "siku hizi unavaanga viatu vya farasi?"

"Farasi ni wewe, na meno yako hayo."

Wakacheka. Sajini akainua mguu ajitazame. Chini ya soli kulikuwa na kichwa cha msumari, ile misumari mikubwa ya kupigilia mbao za tela za miwa, kimeng'aa kwa kusuguliwa na sakafu yangu. Akaniambia nilete koleo. Akavuta. Msumari ukatoka pole pole, ukatoka mrefu, ukaendelea kutoka, na ncha yake ilikuwa na damu nyeusi iliyokwisha kukauka. Kukauka, mwanangu. Maana yake hakuukanyagia pale mlangoni. Alikuwa ametembea nao shamba zima.

"Hukusikia?" nikamuuliza.

"Nisikie nini? Mimi ni askari."

Koplo akaanza kupiga makofi, wenzake wakafuata. Sajini akautupa msumari mezani kama mtu aliyeua nyoka, akaomba chai. Nikammiminia. Akatia sukari mpaka kijiko kikataka kusimama chenyewe.

Sasa nikwambie kwa nini nimekaa chini kuandika, mimi niliyeishia darasa la nne na mkono wangu huu unaotetemeka. Wewe ni mjukuu, lakini nakuita mwanangu kwa sababu nilikulea, na matako yako nimeyaosha. Jumapili iliyopita ulikuja kunisalimia baada ya kanisa. Mkeo alipokuwa anakupa kikombe, chai ilikumwagikia mguuni, ikalowesha soksi, chai iliyotoka jikoni ikitoa mvuke. Mkeo akaruka. Wewe hukuruka. Uliendelea na habari zako za mpira. Watoto wakacheka wakasema baba yao ni komando, nawe ukafurahi. Mimi sikucheka. Niliangalia ile soksi ikitoa mvuke nikasikia kwa, kwa, kwa, na tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa kuku.

Nisikilize basi. Usisome huku unaangalia simu.

Wakati ule miwa ilikuwa ndiyo kila kitu. Kiwanda kilipokuja, watu waling'oa mtama, wakang'oa wimbi, wengine wakang'oa hata migomba ya nyuma ya jikoni, wakapanda miwa mpaka mlangoni. Ukitoka nje asubuhi hukuona jirani, uliona majani. Nyumba za nyasi zikawa za mabati. Mtu aliyekuwa anatembea kwa miguu mpaka Kakamega akapata baiskeli, na mwenye baiskeli akaona haya kuipanda, akangoja lifti ya trekta. Na sukari, mwanangu, sukari ilikuwa heshima. Ulimpa mgeni chai isiyo na sukari ya kutosha, habari yako ilifika kijiji cha pili kabla ya mgeni mwenyewe. Walisema: yule mama anaishi katikati ya miwa na chai yake chungu kama dawa ya minyoo.

Hapo ndipo Sajini alipotua kutoka jeshini. Kule alikuwa anaamshwa na filimbi, anakimbia kabla ya kunywa uji, anakula anachopewa. Hapa alikula kama askari lakini hakukimbia kama askari. Kulima, trekta ililima. Kukata, wakataji walikata. Yeye kazi yake ikawa kukaa kwenye kiti na kungoja miwa ikomae, na miwa hukawia. Nyama kila siku. Obusuma, ugali wetu, mlima mzima, na hakuna mboga, maana mboga alisema ni chakula cha mfungwa. Soda. Sigara moja ikiwasha nyingine. Jioni busaa, na busaa ikimchosha, ile kali ya kwenye chupa. Mimi niliona ni raha ya mwanamume aliyeteseka. Nani angemnyima?

Halafu akaanza kiu. Anakunywa mtungi, anatoka nje. Anarudi, anakunywa, anatoka nje. Aliona uvivu kufika chooni, akawa anasimama penye mgomba wa karibu, na siku moja nilipokwenda kukata jani nikakuta sisimizi wamejaa pale chini weusi tititi, kama wamemwagiwa asali. Mshipi wake wa jeshi ukaanza kumpwaya kiunoni. Mtu anakula kama fahali na anakonda kama ufagio. Niliyaona yote haya, na nilikuwa sijui ni kitu kimoja. Niliona kiu peke yake, na sisimizi peke yao, na mshipi peke yake.

Wa kwanza kushtuka ni baba mkwe wangu, Mzee Shikanga.

Nyinyi wa siku hizi mnakaa na baba mkwe kwenye kochi moja mnatazama televisheni. Sisi hapana. Baba mkwe hakukanyaga nyumba ya mwanawe. Hakunipa mkono. Tukikutana njiani mimi niliingia kwenye miwa, yeye akapita ameangalia upande mwingine. Akiwa na neno na mimi, alisimama upande wa pili wa ua akanipa mgongo, akamwambia ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe moja, na mambo mengi ya mji huu yalipita masikioni mwake kabla ya kunifikia.

Jioni ile ya msumari akaja. Nikasikia fimbo yake, nikatoka, nikasimama nyuma ya ua.

"Ng'ombe," akasema, "nimesikia makofi huku. Kuna harusi?"

"Hakuna harusi, ng'ombe," nikasema. "Sajini amechomwa na msumari."

"Na watu wanapiga makofi?"

"Wanasema hakusikia."

Ng'ombe akaendelea kutafuna. Niliona bega la mzee likishuka chini ya koti.

"Ng'ombe, mwambie mama wa wajukuu wangu hivi. Mguu una kazi ya kulia. Ukichomwa, ulie. Mguu usiolia ni askari wa zamu aliyelala. Adui ameshapita, yuko ndani, na nyinyi mnampigia makofi."

Unajua Mzee Shikanga alipigana ile vita ya Wazungu, akapelekwa Burma, wao waliita Bama. Hakuwa anapenda kusimulia. Lakini jioni ile alimsimulia ng'ombe. Alisema kule mvua haikati, na buti halikauki, na adui mkubwa hakuwa yule mwenye bunduki. Kila jioni walivuliwa mabuti, wakakaa mstari, afisa akapita na kurunzi akiangalia katikati ya vidole, mmoja mmoja. Mwenye kidonda hakuadhibiwa. Aliyeficha kidonda ndiye aliyeadhibiwa. Rafiki yake mmoja, kijana wa kwetu huku, alificha mguu kwa sababu hakutaka kuonekana mnyonge. Walikuja kumbeba mgongoni, kwa zamu, mpaka hapakuwa na wa kubeba tena. Walimwacha kule.

"Muulize mama wa wajukuu wangu," akasema, "tangu huyu mtu arudi, nani ameona vidole vyake?"

Nikafikiri. Babu yako alilala na soksi. Alioga amefunga mlango. Mimi niliyemzalia watoto sikujua mguu wake unafananaje.

"Sijaona, ng'ombe."

"Basi mwambie aone."

Kuona si rahisi. Nilileta maji ya moto kwenye beseni, akasema yeye si mtoto. Nikasema twende dispensari, akasema dispensari ni ya wajawazito na watoto wenye surua. Nikamwambia kwamba Mzee ana wasiwasi, akacheka: baba alikuwa praiveti, atamwambia nini sajini? Nami nikawa kama mwizi ndani ya nyumba yangu. Nilikuwa nageuza soksi zake nikizifua, natafuta doa. Siku moja nikaliona, la manjano, limezunguka kama ramani. Kesho yake likawa kubwa. Halafu ikaja harufu. Alianza kupaka rangi ya viatu asubuhi na jioni, mabuti yaking'aa kama kioo, na harufu ile ya rangi ilijaa nyumba nzima. Lakini chini yake kulikuwa na nyingine, tamu na mbaya, kama miwa iliyosahaulika kwenye tela ikavunda. Nilijua. Nilikuwa nasimama jikoni nikigeuza obusuma, nikimhesabia mguu wake vidole ambavyo sijaviona. Nilijiuliza nani atamzika. Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni.

Nikamwendea ng'ombe. Mara hii mimi ndiye niliyeita.

"Ng'ombe," nikasema, "mwambie mzee kwamba mguu wa mwanawe unanuka."

Nilisikia fimbo yake ikienda haraka kuliko nilivyowahi kuisikia.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, wale wastaafu walikuwa wamekaa uani kwenye kivuli cha nyumba, chai mkononi, Koplo akiwachekesha. Mimi nilikuwa napepeta maharage. Mzee Shikanga akaingia uani. Alikuwa amevaa koti la vita lile zito, kwenye jua lile, na kofia, na nishani yake kifuani. Mabuti miguuni. Sijawahi kumwona hivyo. Alisimama katikati, akakanyaga ardhi, akapaza sauti ambayo sikujua kwamba iko ndani ya mzee yule.

"Kikosi! Simama!"

Vikombe vikatua chini. Wote walisimama kabla ya kufikiri. Miili yao ilikuwa imesahau kwamba wamestaafu. Hata Koplo.

"Kaa chini! Vua buti!"

Hapo wakatazamana. Koplo akanong'ona, "Mzee leo amekunywa nini?" lakini tayari alikuwa anafungua kamba. Wakavua mmoja mmoja. Miguu ya wanaume wale, mwanangu. Kucha kama ganda la kobe. Visigino vimepasuka. Mmoja alikuwa na kidonda kidogo kifundoni, mkewe hakujua mpaka siku ile. Sajini peke yake alikaa na mabuti yake yanayong'aa.

"Baba, acha mchezo. Hawa ni wageni wangu."

"Buti."

"Wewe ulikuwa praiveti tu. Mimi nimekuwa sajini."

"Praiveti huyu alikuzaa," Mzee akasema, "na ulitoka bila viatu."

Wenzake wakacheka. Sajini hakucheka. Akakunja uso, akatazama upande wa miwa. Na Mzee Shikanga akafanya jambo ambalo mimi, niliyelelewa kwa adabu za zamani, nilitaka ardhi inifunike nisilione. Alivua kofia. Akaweka fimbo chini. Akapiga magoti mbele ya mwanawe, pale penye vumbi, mbele za watu, mbele ya mkaza mwana, akashika kamba za buti akaanza kuzifungua kwa vidole vyake vilivyopinda.

Baba kumpigia mtoto magoti, hilo kwetu halina jina. Ni kama mvua kutoka chini kwenda juu.

"Baba, inuka," Sajini akasema. "Inuka, nakuomba. Navua mwenyewe."

"Nilimwacha mmoja Bama," Mzee akasema. "Sitaki wa pili."

Sajini akavua. Soksi haikutoka, ilikuwa imeshikana na nyama, ikabidi niiloweshe kwa maji. Sitakueleza yote niliyoyaona. Vidole viwili vilikuwa vyeusi kama majivu ya shambani, na chini ya mguu, pale pa msumari, palikuwa na shimo. Sajini mwenyewe alikuwa anautazama kana kwamba ni mguu wa mtu mwingine uliosahauliwa pale. Nikamgusa kidole kimoja cheusi.

"Unasikia?"

"Bado hujanigusa," akasema.

Koplo Andati akavua kofia yake akaishika kifuani. Siku ile hakuwa na mzaha.

Trekta ilikuwa inapakia kwenye shamba la jirani. Wale wastaafu, miguu mitupu, walimbeba Sajini wakamweka juu ya miwa kwenye tela, mimi nikapanda na mtoto mgongoni, na dereva akaenda nasi mpaka barabara kubwa tukapata gari la kwenda Kakamega. Pale hospitali daktari alipima mkojo na damu, akasema ni sukari. Nilidhani ananitania. Nilimwambia, daktari, sukari yetu iko kiwandani. Akanieleza taratibu, kijana mpole yule, kwamba sukari ikizidi ndani ya damu huleta ile kiu na kukonda, huingia kwenye mkojo ikaita sisimizi, tena huua kusikia kwa miguu; mtu anaungua hajui, anachomwa hajui, na kidonda hakiponi. Akasema mngekawia, tungekata chini ya goti, au tungemzika. Wakakata vile vidole viwili. Mguu ukabaki.

Sasa nakwenda kwenye yale ninayotaka uyashike.

Aliporudi nyumbani ndipo vita ilipoanza, kwa sababu hospitali wanakurudisha kwenye meza ile ile. Nilitoa bakuli la sukari mezani. Mama jirani akaja, nikampa chai bila, akaonja, akaniangalia kama nimemtukana mama yake. Nilisemwa kisimani. Nilisemwa kanisani. Mchoyo, nyumba ya saruji na chai ya msiba. Nikasema semeni, mume wangu ana miguu miwili. Nilipanda tena mboga nyuma ya jikoni, kunde, mrenda, likhubi, pale pale nilipokuwa nimeng'oa nikapanda miwa. Obusuma nikaufanya kilima badala ya mlima. Alinung'unika. Alisema hata jela wanakula vizuri. Kuna siku alisukuma sahani ikavunjika. Nilizoa vipande, nikampakulia kwenye nyingine, mboga zile zile.

Lakini kilichomponya si mboga zangu peke yake. Ni lile gwaride. Mzee Shikanga hakuliacha. Kila Jumamosi alikuja uani na koti lake, na wale wastaafu wakaja, kwanza kwa kuona haya, baadaye kwa kupenda. Walivua mabuti, wakakaguana vidole, mmoja akiangalia miguu ya mwenzake kama wanawake wanavyoangaliana nywele. Halafu walitembea kwa mstari kwenye njia ya miwa mpaka mtoni na kurudi, wakiimba nyimbo zao za jeshi ambazo maneno yake siwezi kuyaandika hapa. Watoto waliwafuata. Watu waliwacheka: jeshi la wazee wa chai chungu. Wao wakazidi kuimba. Nami nikaelewa jambo moja. Mwanamume aliyekuwa askari ukimwambia "jihurumie" hakusikii. Lakini mwambie "kaguliwa," atasimama wima. Hawakukosa nguvu, mwanangu. Walikosa filimbi. Walikosa mtu wa kuwaambia nakuona, uko wapi, mbona leo umechelewa.

Na wakiwa wanatembea walikuwa wanazungumza. Yale ambayo hawakutuambia sisi wake zao, waliambiana wao kwa wao kwenye miwa. Sajini alianza kulala bila chupa. Sikumuuliza walizungumza nini. Nilifurahi tu kuona chupa inakaa na vumbi.

Koplo Andati hakulishika lile gwaride. Alikuja, akachekesha, akaacha kuja. Alisema yeye miguu yake ni mifupi, sukari haitafika chini. Tulimfuata, Sajini alikwenda kwake mara nyingi, alimkuta na chupa na sigara na mzaha mpya. Walimkata mguu, halafu wa pili. Alikuwa anaketi mbele ya duka na bado anachekesha watu, na watu walicheka wakiangalia pembeni. Alikufa mapema. Nilimpenda sana mtu yule. Ndiyo maana mtu akinichekesha kuhusu ugonjwa wake, mimi natafuta kiti nikae.

Mzee Shikanga alipofariki, baada ya miaka mingi, akiwa mzee wa kuongozwa mkono, Sajini alishika jeneza upande wa mbele. Kutoka nyumbani mpaka kaburini chini ya kilima, kwenye matope, hakubadilishwa. Alichechemea kidogo, kwa ajili ya vile vidole. Nilikuwa nyuma na wanawake. Wengine walilia kwa ajili ya mzee. Mimi nilikuwa natazama visigino vya mume wangu vikiinuka na kushuka, vikiinuka na kushuka, na machozi yangu yalikuwa ya hivyo visigino.

Sasa wewe. Umetoka jeshini mwaka jana, mwili wako ulikuwa kama mti wa msituni. Nakuona pale dukani, soda asubuhi, nyama choma jioni, pikipiki mpaka chooni. Nakuona unavyonyamaza watu wakikuuliza ulikokuwa, halafu unaagiza chupa. Mkeo aliniambia usiku unapiga kelele ukilala. Usimkasirikie, nilimbana mimi.

Nenda ukapimwe sukari na presha, kesho, si baada ya mavuno. Ukiambiwa huna, njoo nikuchinjie ingokho, kuku wetu wa kienyeji, tule tukicheka. Ukiambiwa unayo, usiifiche kama bangi. Wengi wanaishi nayo na wanazeeka. Kila jioni vua viatu, osha miguu, kausha katikati ya vidole, tazama chini ya wayo, na usipoona vizuri mwite mkeo atazame. Maji ya kuoga ajaribu yeye kwa mkono, usijaribu kwa mguu usiojua moto. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Sigara iache, inakuua polepole na inanuka. Pombe usiitumie kama mto wa kulalia. Kula ushibe mboga kwanza. Tembea. Na usitembee peke yako: tafuta wale wenzako waliostaafu, wako wengi, wako Shieywe, wako Malava, wamekaa kila mmoja mbele ya televisheni yake akijiona yeye ndiye peke yake. Watafute. Mvuane viatu. Semeni yale msiyoweza kutuambia sisi. Na mwenzenu akisema hasikii maumivu, msimpigie makofi. Mbebeni.

Jumamosi nakuja kwako. Nitakuja na beseni. Usinipikie. Usijifiche. Ukinikatalia, mwanangu, nitafanya alivyofanya Mzee Shikanga, mbele ya watoto wako na majirani zako, na magoti yangu haya ukinishusha chini sijui nani ataniinua.

Mungu wa babu zako akuangalie unapolala na unapoamka. Akupe usingizi usio na kelele. Akuzeeshe mpaka wajukuu wakuchoshe. Na siku yangu itakapofika, maana haiko mbali, nikitolewa ndani ya nyumba hii ya saruji kuteremshwa kule chini ya kilima, uwe wewe upande wa mbele, umenishika, umesimama kwa miguu yako miwili.

Sasa vua viatu.